Hela za Jackie Coogan ziliishia mifuko ya nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita mimi na watoto tuliangalia kwenye simu ile picha ya zamani ambayo Charlie Chaplin anaokota mtoto mchanga na kumlea. Yule mtoto alivyolia wakati wanamchukua, hata mimi machozi yalinitoka. Mume wangu akasema alikuja kuwa tajiri kupindukia, lakini wazazi wake wakala hela zote, akazeeka fukara. Nikambishia, mzazi gani afanye hivyo? Tukabishana mpaka wali ukapoa. Nani yuko sahihi? Na je, waigizaji wa kwanza wa Hollywood ndivyo walivyoishi na familia zao, au ni huyo mmoja tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo ameshinda, ila kwa goli moja tu. Hela ziliisha kweli, na waliozimaliza ni watu wa nyumbani kwake. Kuhusu uzee amekosea: yule mtoto alizeeka akiwa na kazi, watoto na wajukuu, na mmoja wa wajukuu hao, Keith Coogan, naye amekuwa mwigizaji. Ama swali lako la "mzazi gani", jibu lake litakuudhi. Alikuwa mzazi wa kawaida kabisa wa wakati ule, na alipozila hizo hela hakuvunja sheria yoyote.

Picha mliyoiangalia inaitwa The Kid, na mtoto huyo ni Jackie Coogan. Jina lake la kuandikishwa ni John Leslie Coogan, aliyezaliwa Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1914. Baba yake naye alikuwa John, wakimwita Jack, mcheza dansi na mchekeshaji wa vodevili. Hayo yalikuwa maonyesho ya jukwaani ya Marekani ambayo kwa tiketi moja unamwona mwimbaji, mbwa anayejua kuhesabu, mwanasarakasi, na watu wawili wanaotaniana mpaka ukumbi unaanguka kwa kicheko. Mama yake, Lillian, alikulia humohumo. Alipokuwa mdogo walimtangaza kwa jina la Baby Lillian. Kwa hiyo mtoto kupanda jukwaani nyumba ile halikuwa jambo la kushangaza, kama ambavyo mtoto wa mvuvi hashangazi watu akionekana kwenye ngalawa.

Mwaka 1919 Chaplin aliingia ukumbi wa Orpheum pale Los Angeles kujipumzisha. Hakuwa na raha. Julai mwaka huo mkewe Mildred Harris, ambaye mwenyewe alianza kuigiza akiwa mtoto, alijifungua mvulana aliyeishi siku tatu tu. Jack Coogan akacheza dansi yake, na mwishoni akamtoa mwanawe wa miaka minne kuja kuaga watazamaji. Yule mtoto hakuaga tu. Akaachia hatua mbili tatu za dansi, akawatupia watu jicho la mtu mzima anayejua anachofanya, akapunga mkono, akakimbia ndani. Ukumbi ukalipuka.

Chaplin anasimulia kwamba siku chache baadaye alisikia Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mwenzake mnene, amemsainisha Coogan. Akajuta usiku na mchana: kwa nini wazo hilo halikumjia yeye? Kumbe aliyesainishwa ni baba. Chaplin akaenda kumwomba mtoto, na baba akamjibu kwamba huyo mtukutu amchukue tu bila shaka. Ujira ulikuwa dola 75 kwa wiki.

Sasa nikupeleke kwenye yale machozi yaliyokutoa machozi. Siku ya kupiga ile sehemu ambayo mtoto anachukuliwa kupelekwa kituo cha yatima, Jackie alikuwa na furaha, anacheza, machozi hayaji. Chaplin akashindwa. Baba akasema niachieni mimi. Akamchukua mtoto pembeni na kumwambia kwamba asipolia, wataondolewa studio na yeye atapelekwa kweli kwenye nyumba ya maskini. Mtoto akaangua kilio, kamera zikapiga. Baadaye Chaplin, roho ikimsuta, akamkumbatia na kumtuliza kwamba hakuna atakayemchukua. Jackie akamnong'oneza: nilijua, baba alikuwa ananitania.

Chaplin mwenyewe alikuwa na miaka saba alipoingia nyumba ya maskini ya Lambeth, London, pamoja na mama yake Hannah na Sydney, ndugu yake wa mama mmoja. Kwa hiyo kitisho ambacho kwa Jackie kilikuwa utani wa baba, kwa aliyesimama nyuma ya kamera kilikuwa kumbukumbu. Mimi naamini ndiyo sababu ile picha haijachakaa baada ya miaka mia na zaidi, ingawa wanangu hudai ni mwalimu anatafuta maana hata pasipo na maana.

Na wala usidhani Jack Coogan alikuwa katili wa peke yake. Mwaka 1931 mwongozaji Norman Taurog alimliza mpwa wake Jackie Cooper, mtoto wa miaka minane hivi, kwa kumfanya aamini kwamba mbwa wake amepigwa risasi. Taurog akapata tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora kwa picha hiyo.

Turudi kwenye hela.

Picha ya Chaplin ilipotoka mwaka 1921, Jackie Coogan akawa mtoto anayejulikana kuliko wote duniani. Baba akaacha mambo yake ya dansi akawa meneja wa mwanawe. Mama akawa upande wa pili wa mkataba. Kampuni ikaundwa kwa jina la mtoto, lakini wenye kampuni ni wazazi. Mwaka 1923 studio ya Metro ilimlipa dola nusu milioni kabla hajacheza mbele ya kamera yao hata mara moja, alimradi tu ahamie kwao. Uso wake ukawekwa kwenye midoli, madaftari, filimbi na mikebe ya siagi ya karanga. Mwaka 1924 alizungushwa Marekani na Ulaya kuchangisha chakula na nguo kwa yatima wa Kiarmenia na Kigiriki, akapokewa mpaka na Papa Pius XI. Alipofika umri wa kukatwa zile nywele zake ndefu za mbele, kunyolewa kwenyewe kukafanywa picha, mwaka 1927. Hakuna kilichopotea bure, mwanangu, hata nywele.

Kwa jumla inakadiriwa aliingiza kati ya dola milioni tatu na nne utotoni, na dola ya wakati ule si hii ya leo. Posho yake mwenyewe ilikuwa dola 6 na senti 25 kwa wiki.

Mei 1935 baba na mwana walikuwa wanarudi kutoka kuwinda njiwa upande wa Mexico, pamoja na watu wengine watatu, mmoja wao mwigizaji kijana Junior Durkin. Gari likaacha barabara katika milima ya kusini mwa California na kubiringika. Wote walikufa isipokuwa Jackie. Oktoba hiyo akatimiza miaka 21, umri ambao alitegemea kukabidhiwa chake. Hakukabidhiwa kitu cha maana. Mama yake baadaye akaolewa na Arthur Bernstein, mtu aliyekuwa akishughulikia mahesabu ya familia, na mnamo Aprili 1938 Jackie, ambaye sasa alikuwa na mke, mwigizaji Betty Grable, akawafikisha mama na baba wa kambo mahakamani.

Utetezi wao ndio uliowashtua watu. Hawakusema hela zimeibwa, wala hawakusema zimepotea. Walisema hakuna aliyewahi kumwahidi Jackie kitu, na kwamba kila dola anayochuma mtoto kabla ya miaka 21 ni ya wazazi wake. Wakaongeza kwamba mtoto hakuwa anafanya kazi hata kidogo, alikuwa anacheza tu mbele ya kamera na kufurahia. Hela zilikwenda kwenye makoti ya manyoya, almasi na magari.

Na sheria ya California ilikuwa upande wao. Mizizi yake ni sheria ya kale ya Kiingereza, iliyotungwa kwa ajili ya watu wa shamba na karakana: mtoto anakula kwa baba, anavaa kwa baba, basi jasho lake ni la baba. Ukiifikiria kwa mtoto anayechunga kondoo au kusaidia dukani, haina ubaya mkubwa, kwa sababu anachochuma hakizidi anachokula. Waliotunga hawakuota kwamba siku moja atatokea mtoto wa miaka minane anayelisha baba, mama, wakili, dereva na benki nzima.

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki humtwika Bernstein mzigo wote, maana baba wa kambo ni mtu rahisi kumchukia. Mimi sikubali. Huyo aliingia nyumba ikiwa imeshajengwa. Kwa zaidi ya miaka kumi ambayo baba mzazi alikuwa hai na akishika kalamu, hapakufunguliwa amana yoyote kwa jina la mtoto. Huenda kweli alikusudia kumpa. Mali bila daftari huisha bila habari, na kusudio la marehemu halisomeki mahakamani.

Kesi iliisha mwaka 1939 kwa kugawana kilichobaki, na Jackie akaondoka na dola 126,000 hivi. Mwaka huohuo California ikapitisha sheria ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ilimpa hakimu uwezo wa kuagiza sehemu ya mapato ya mtoto, hadi nusu, iwekwe pembeni mpaka awe mtu mzima. Ilikuwa na tundu la kupita ng'ombe: ilihusu tu mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa, na mingi haikupelekwa. Hata iliyopelekwa haikuwa na uhakika. Shirley Temple, kile kitoto cha nywele za mviringo kilichoimba na kucheza miaka ya 1930, alikuja kugundua akiwa mke wa mtu kwamba kati ya zaidi ya dola milioni tatu alizochuma zimebaki dola 44,000. Baba yake, mfanyakazi wa benki, hakuwa ameweka amana ilivyoagizwa. Yeye aliamua kumsamehe na kuendelea na maisha, na ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana mwaka 1974. Tundu lile halikuzibwa sawasawa mpaka mwaka 2000, sheria ilipotamka wazi kwamba ujira wa mtoto mwigizaji ni mali ya mtoto, na asilimia 15 iende moja kwa moja kwenye akaunti ya amana. Wazazi wa California wanaiita akaunti ya Coogan.

Umeuliza kama ni huyo mmoja tu. Hapana. Lakini pia hawakuwa wote.

Aliyeumia zaidi ya Jackie, kwa maoni yangu, ni msichana aliyeitwa Peggy-Jean Montgomery, ambaye mabango yalimwita Baby Peggy. Alizaliwa mwaka 1918. Baba yake alikuwa mchunga ng'ombe aliyehamia Hollywood kupanda farasi kwenye picha na kufanya zile sehemu za hatari badala ya steringi Tom Mix. Mtoto alikuwa na miezi 19 mama yake alipokwenda kutembea studio ya Century, Sunset Boulevard. Mwongozaji mmoja akashangaa kuona kitoto kimekaa juu ya kigoda kimetulia tuli kama mtu mzima anayesubiri daktari. Siri ilikuwa baba. Alikuwa amemzoesha kutii kwa kualika kidole: akialika, mtoto analia, akialika tena, anacheka. Alijigamba mbele za watu kwamba binti hana kipaji chochote, ana utii tu.

Kwa utii huo alicheza picha fupi zaidi ya mia moja na hamsini. Siku sita kwa wiki, saa nane kwa siku, shule hakuna. Alitupwa baharini, alirushwa kutoka nyuma ya gari linalokwenda kasi, na mara moja aliachwa kwenye chumba kilichowashwa moto makusudi, mlango wa kutokea ukiwa unawaka, akajiokoa mwenyewe kupitia dirishani. Akasainishwa mkataba wa dola milioni moja na nusu kwa mwaka. Mwaka 1925 baba akagombana na mtayarishaji kuhusu malipo, mkataba ukavunjika, na studio nyingine hazikumtaka tena. Alikuwa hajatimiza miaka saba na kazi yake ya picha imekwisha.

Akapelekwa kwenye vodevili kuzunguka nchi nzima, akipewa senti tano kwa kila onyesho. Hela nyingine zililiwa na magari, nyumba, jamaa mmoja wa ukoo aliyeaminiwa akatoroka nazo, na hatimaye mporomoko wa soko la hisa wa mwaka 1929. Miaka ya 1930 familia ilirudi Hollywood bila kitu, na msichana aliyekuwa na jina kwenye kila ukumbi akasimama foleni ya kutafuta nafasi ya kupita tu nyuma ya waigizaji wengine. Alibadili jina akawa Diana Serra Cary, akawa mwandishi, na kati ya vitabu vyake kimoja ni maisha ya Jackie Coogan. Kama kuna aliyestahili kukiandika ni yeye. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 101.

Sasa nikuonyeshe upande wa pili wa shilingi, la sivyo utafunga simu ukidhani kila mama wa Hollywood alikuwa chui.

Mjini Toronto, Kanada, mwaka 1898, alifariki mfanyakazi wa meli aitwaye John Smith akamwacha mkewe Charlotte na watoto watatu. Charlotte akashona nguo za watu na kupangisha vyumba. Mpangaji mmoja alikuwa meneja wa jukwaa katika kundi la maigizo. Akamwomba mama awaruhusu mabinti wachukue nafasi ndogo za watoto. Charlotte alisita, maana waigizaji siku zile walihesabiwa watu wa ovyo, lakini njaa haina heshima. Binti mkubwa, Gladys, alikuwa na miaka saba. Kuanzia hapo akawa, kwa maneno yake mwenyewe baadaye, baba wa nyumba ile. Miaka ikapita kwenye mabehewa na vyumba vya kukodi, wote wanne kitanda kimoja mara nyingi. Jijini New York waliwahi kukodi chumba kimoja na mama mwingine aliyeachwa na mume, Mary Gish, na binti zake Lillian na Dorothy. Kumbuka hao pia.

Mwaka 1907 Gladys akapata kazi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na jina jipya, Mary Pickford, na familia nzima ikabadili jina kumfuata. Ona hapo: kwa kawaida mtoto huchukua jina la ukoo, hapa ukoo ulichukua jina la mtoto. Mwaka 1909 akaenda studio ya picha ya Biograph kwa mwongozaji D. W. Griffith. Ujira wa kawaida ulikuwa dola tano kwa siku. Msichana wa miaka 17, asiye na nauli ya uhakika ya kurudia nyumbani, akamwambia yeye ni mwigizaji wa Broadway na anataka kumi. Akapewa. Kisha akawavuta humohumo wadogo zake, Lottie na Jack. Mwaka 1912 wale binti wa Gish wakaja kumtafuta Gladys Smith, nao wakaingia. Griffith alikuwa hawatofautishi, akamfunga mmoja utepe mwekundu na mwingine wa bluu, akawaita kwa rangi.

Mama Charlotte alikaa kila kikao cha mkataba. Adolph Zukor, mwenye studio aliyemlipa Mary, alisema kwa utani kwamba yeye hana haja ya kujinyima chakula ili apungue, akishakaa na Mary na mama yake kuongea mkataba mpya anapungua mwenyewe. Mwaka 1916 walimkamua dola 10,000 kwa wiki na nusu ya faida. Mwaka 1919 Mary, Chaplin, mwigizaji Douglas Fairbanks na Griffith wakaanzisha kampuni yao, United Artists, ili wasikamuliwe wao.

Tofauti na nyumba ya Coogan iko wapi? Mapenzi ya mama peke yake hayatoshi kuieleza. Mary alikuwa mtu mzima, au karibu na utu uzima, fedha kubwa zilipoanza kuingia. Alikuwa amekaa mezani. Alijua bei yake kwa sababu aliwahi kuishi bila chochote. Jackie na Peggy walipata mamilioni kabla hawajajua kuhesabu chenji.

Lakini hata kwa Mary kulikuwa na gharama, ila zililipwa na wengine. Studio ilipomtaka yeye, ilibidi imchukue na Jack, apewe mkataba wake. Jack na Lottie hawakuwahi kulazimika kusimama kwa miguu yao. Pombe ikawakuta. Mke wa Jack, mwigizaji Olive Thomas, alikufa Paris Septemba 1920 baada ya kunywa dawa ya zebaki, na Jack naye akafia mji huohuo Januari 1933, miaka 36. Lottie alikufa mwaka 1936, miaka 43. Binti wa Lottie, Gwynne, alilelewa na bibi na shangazi.

Na zile nywele za Mary, mikunjo ya dhahabu iliyofanya dunia imwite msichana mdogo mpaka ana miaka zaidi ya thelathini? Mama yake alifariki kwa saratani Machi 1928. Juni mwaka huo Mary akaingia kwa kinyozi New York na kuzikata. Watu waliandika barua za kumlaani kana kwamba ameua mtu. Mimi nionavyo, mama alipoondoka hakubaki mtu wa kumfanya aendelee kuwa mtoto.

Chaplin nilikwisha mtaja. Aliyemjadilia mkataba wake mkubwa wa 1916 na kampuni ya Mutual, dola 670,000 kwa mwaka, alikuwa Sydney, yule wa nyumba ya maskini ya Lambeth. Mwaka 1921 wakamleta mama yao California, wakamwekea nyumba na wauguzi, maana akili yake ilikuwa imekwisha yumba tangu wao wadogo. Alifariki huko mwaka 1928.

Mchekeshaji mwingine wa picha za zamani, Buster Keaton, sijui nimweke kundi gani. Alizaliwa Kansas mwaka 1895 wazazi wakiwa safarini na maonyesho. Mama alipiga saksafoni, baba kazi yake jukwaani ilikuwa kumrusha mtoto: kwenye mapazia, kwenye shimo la wapiga muziki, mara nyingine kwa watazamaji wenyewe. Ili ashikike vizuri walimshonea mgongoni, kwenye nguo, mpini wa sanduku la safari. Chama cha kulinda watoto cha New York kiliwasumbua miaka mingi. Mtoto akavuliwa nguo akaguliwe, hakukutwa na mfupa uliovunjika. Yeye mpaka uzeeni alikana kwamba baba alimtesa, akisema alikuwa anafundishwa kuanguka. Mwaka 1917, baba alipozidi pombe hata kumrusha mtu ikawa hatari ya kweli, kijana akaondoka zake. Na alipopata studio yake, nani alimpa nafasi kwenye picha? Baba yake. Pengine mtoto wa jukwaani hajui namna nyingine ya kumpenda mzazi isipokuwa kumpa kazi.

Jackie Coogan, basi, aliendaje baada ya kesi? Ndoa na Betty Grable ilivunjika mwaka 1939. Alikwenda vitani, akawa rubani wa glaida, zile ndege zisizo na injini, na Machi 1944 akatua usiku na wanajeshi nyuma ya majeshi ya Japani kule Burma. Nywele zilizofanyiwa picha zikamtoka kabisa, na kichwa hicho kitupu kikampa kazi ya mwisho iliyomrudishia jina: Mjomba Fester kwenye mchezo wa televisheni wa The Addams Family, miaka ya 1964 hadi 1966, yule mnene anayewasha balbu kwa mdomo. Watoto wa Marekani waliomcheka hawakujua kwamba bibi zao walimlilia. Alifariki Machi 1984.

Mkiiangalia tena hiyo picha na mumeo, msikimbize pale wanapokwenda kulala kwenye nyumba ya wageni ya bei rahisi. Chaplin amemficha mtoto chini ya blanketi ili alipie kitanda kimoja. Jirani wa kitanda cha pili ananyoosha mkono na kuanza kumpapasa mifuko usingizini, na anaibua sarafu ambayo Chaplin mwenyewe hakujua kama anayo. Mtazameni vizuri huyo mwizi. Ni Jack Coogan, baba yake mtoto.